Ajali ya treni ya Igandu

Ajali ya treni ya Igandu ilitokea asubuhi ya tarehe 24 Juni 2002 katika Mkoa wa Dodoma, Tanzania, kwenye Reli ya Kati. Treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilishindwa kujizuia kwa breki, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake kwenye njia hiyohiyo. Watu 281 walifariki na mamia walijeruhiwa. Hiyo ndiyo ajali mbaya kuliko zote katika historia ya reli nchini Tanzania, na ni mojawapo ya ajali kubwa za treni barani Afrika.

Migongano mingi ya treni inayojulikana duniani ilitokea kwa sababu dereva alipita ishara ya kusimama, au kwa sababu mwashiria ishara alisahau treni iliyokuwa tayari njiani. Ajali ya Igandu ni ya aina nyingine. Ishara za reli hupangwa kwa kudhani kwamba treni iliyotangulia itaendelea mbele au itasimama. Treni inayorudi nyuma bila kudhibitiwa huvunja dhana hiyo, na wakati huo breki ndiyo kinga pekee inayobaki.

Mahali na njia ya reli

Igandu ni stesheni ndogo ya Reli ya Kati iliyoko upande wa mashariki wa mji wa Dodoma. Leo kata ya Igandu iko katika Wilaya ya Chamwino. Ukitoka Dar es Salaam, treni hupita Morogoro na Kilosa, kisha hupanda kufuata mabonde ya mito hadi Gulwe, Msagali na Igandu kabla ya kufika Dodoma. Kutoka usawa wa bahari hadi Dodoma njia hupanda zaidi ya mita 1,100. Mwinuko huo haukugawanyika sawasawa: kuna sehemu tambarare ndefu, na kuna sehemu ambapo treni nzito hupanda polepole kwa nguvu zote za injini.

Reli hiyo ilijengwa wakati wa ukoloni wa Ujerumani. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1914. Tawi la kwenda Mwanza lilikamilishwa wakati wa utawala wa Waingereza mwaka 1928. Upana wa njia ni milimita 1,000, yaani mita moja kamili kati ya reli mbili. Sehemu kubwa ya njia ni ya mstari mmoja tu: treni zinazokwenda na zinazorudi hutumia reli zilezile na hupishana kwenye stesheni zenye njia ya pembeni.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja liligawanywa na Tanzania ikaunda Shirika la Reli Tanzania, linalojulikana kwa kifupi kama TRC. Hadi mwaka 2002 shirika hilo la umma lilikuwa na matatizo ya fedha, vichwa vya treni na mabehewa mengi yalikuwa yamechakaa, na serikali ilikuwa katika mpango wa kulibinafsisha. Hata hivyo treni iliendelea kuwa usafiri wa watu wengi wa bara. Nauli ya daraja la tatu ilikuwa nafuu, barabara nyingi za kuelekea magharibi zilikuwa bado za udongo, na mfanyabiashara mdogo aliweza kusafiri pamoja na mizigo yake.

Ajali

Treni ya abiria ilikuwa imetoka Dar es Salaam ikielekea bara. Ilikuwa na mabehewa zaidi ya 20 na abiria zaidi ya 1,200. Ilipokuwa ikipanda mlima katika eneo la Igandu na Msagali ilipata hitilafu ya breki. Badala ya kuendelea kupanda ilianza kurudi kinyumenyume, ikielekea ilikotoka.

Kichwa cha treni kilikuwa upande wa juu wa mlima, na mabehewa ya mwisho ndiyo yaliyotangulia kuteremka. Dereva hakuweza kuona mbele ya mwendo. Kasi iliongezeka kadiri treni ilivyoteremka. Nyuma yake, kwenye njia hiyohiyo moja, ilikuwapo treni ya mizigo iliyokuwa ikija upande wa Dodoma. Treni hizo mbili ziligongana. Mabehewa mengi ya abiria yaliacha reli, yakapinduka na kuponda mengine.

Kwa kuwa mgongano ulianzia mkiani mwa treni ya abiria, watu waliokuwa katika mabehewa ya nyuma waliumia zaidi. Katika treni ya kawaida kichwa cha treni hupokea sehemu ya pigo kabla ya abiria kufikiwa. Hapa hapakuwa na kitu kati ya abiria na treni ya mizigo isipokuwa kuta za mabehewa yenyewe.

Uokoaji na mazishi

Ajali ilitokea mbali na mji mkubwa. Majeruhi walipelekwa Dodoma, ambako hospitali ilipokea idadi kubwa ya watu. Kazi ya kuwatoa watu katika vyuma ilihitaji vifaa vizito vya kukata na kuinua, ambavyo havipatikani kwa urahisi pembeni ya reli vijijini.

Tanzania ilikuwa wakati huo chini ya Rais Benjamin Mkapa, na serikali ilitangaza maombolezo ya kitaifa. Nchi ilikuwa bado inakumbuka kuzama kwa meli ya MV Bukoba katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, ambako mamia ya watu walipoteza maisha.

Kutambua maiti kulikuwa kugumu. Tofauti na ndege, treni za wakati ule hazikuwa na orodha kamili ya majina ya abiria wote. Mtu aliweza kununua tiketi ya daraja la tatu kwenye stesheni yoyote njiani na kupanda bila jina lake kuandikwa popote. Ndugu walisafiri hadi Dodoma kutafuta watu wao. Marehemu 88 ambao hawakutambuliwa walizikwa katika makaburi ya Maili Mbili mjini Dodoma.

Kazi ya breki

Ili kuelewa ajali hii inafaa kujua jinsi breki za treni zinavyofanya kazi.

Gurudumu la treni ni la chuma na hukanyaga reli ya chuma. Msuguano kati yake ni mdogo sana, na ndiyo maana injini moja huweza kuvuta mamia ya tani. Faida hiyo hugeuka kuwa hatari kwenye mteremko, kwa sababu behewa lisilofungwa breki huanza kuteremka lenyewe hata pale ambapo macho hayaoni mteremko mkubwa.

Hesabu rahisi inaonyesha hali hiyo. Kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100, treni iliyoachwa bila breki hufikia kasi ya takriban kilomita 17 kwa saa baada ya dakika moja. Baada ya dakika mbili hufikia takriban kilomita 35 kwa saa, na baada ya dakika tano hukaribia kilomita 85 kwa saa, ikiwa imesafiri zaidi ya kilomita tatu. Katika dakika ya kwanza mtu mwenye nguvu anaweza kuruka chini akapona. Baada ya hapo ni vigumu.

Kuna aina mbili kuu za breki zinazofunga treni nzima kwa pamoja. Ya kwanza ni breki ya ombwe. Bomba hupita chini ya mabehewa yote, na mashine katika kichwa cha treni huondoa hewa ndani yake. Hewa ikiingia katika bomba, vibao vya breki hubana magurudumu. Aina ya pili ni breki ya hewa iliyoshindiliwa. Katika mfumo huo bomba hujazwa hewa yenye shinikizo, na shinikizo likishuka breki hufunga. George Westinghouse wa Marekani alibuni breki ya hewa ya aina hii inayojifunga yenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1870.

Mifumo yote miwili imeundwa ili kasoro ielekee upande wa usalama: bomba likikatika, treni husimama. Lakini kinga hiyo ina mipaka. Bomba likizibwa katikati ya treni, mabehewa yaliyo nyuma ya kizuizi hayapati amri ya dereva. Vibao vikilika au vyombo vya breki vikichakaa, nguvu ya kubana hupungua. Treni ikisimama muda mrefu mlimani, breki zinaweza kulegea polepole kwa sababu ya uvujaji. Kwa hiyo kanuni za reli hutaka mambo manne yafanywe: breki zipimwe kabla ya safari kuanzia kichwa hadi behewa la mwisho, gadi awe na chombo cha kuona kama breki zinafika mkiani, breki za mkono zifungwe treni inaposimama mlimani, na kabari ziwekwe chini ya magurudumu.

Njia moja na ishara

Kwenye njia ya mstari mmoja, wakuu wa stesheni hulinda treni kwa kugawa njia katika vipande. Kipande kimoja huanzia stesheni moja hadi inayofuata, na treni moja tu huruhusiwa kuwamo kwa wakati mmoja. Mkuu wa stesheni humuuliza mwenzake wa mbele kwa simu au kwa mtambo kama njia i wazi. Akijibiwa kwamba i wazi, humpa dereva kibali cha maandishi au kifaa maalumu cha kubeba mkononi. Dereva asiye na kibali haruhusiwi kuondoka. Ishara za mkono wa chuma au za taa huthibitisha ruhusa hiyo.

Utaratibu huu huzuia ajali za namna mbili: treni mbili kukutana uso kwa uso, na treni ya nyuma kuigonga ya mbele. Hufanya kazi vizuri kwa muda mrefu endapo kila mtu atafuata kanuni. Lakini treni inayorudi nyuma haiombi kibali. Huingia katika kipande ambacho imekwisha kukiacha, ambacho huenda kimepewa treni nyingine. Mkuu wa stesheni akiiona inapita anaweza tu kupiga simu, na muda alio nao ni dakika chache. Dereva wa treni inayokuja anaweza kusimama, lakini kusimama hakumwondoi njiani.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya reli za milimani huwekewa njia fupi ya pembeni iliyoelekezwa upande wa mlima au kwenye mchanga, ili behewa linaloteremka ovyo liingie humo na kusimama kabla ya kufika stesheni.

Ajali zinazofanana

Ajali iliyofanana sana na ya Igandu ilitokea Armagh, katika Ireland ya Kaskazini ya leo, tarehe 12 Juni 1889. Treni iliyobeba watoto na wazazi wa shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi waliamua kuigawa, wakaweka mawe chini ya magurudumu ya sehemu ya nyuma. Breki za treni hiyo hazikuwa za kujifunga zenyewe, hivyo bomba lilipotenganishwa mabehewa ya nyuma yalibaki na breki ya mkono pekee. Yaliponda mawe, yakateremka na kugonga treni iliyokuwa ikifuata. Watu 80 walifariki. Katika mwaka huohuo bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyolazimisha treni za abiria kuwa na breki za kujifunga zenyewe katika mabehewa yote, na kulazimisha njia kugawanywa vipande vinavyolindwa kwa ishara.

Mwezi mmoja tu kabla ya Igandu, tarehe 25 Mei 2002, ajali kama hiyo ilitokea Tenga nchini Msumbiji. Kwa sababu ya hitilafu, mabehewa ya abiria yalitenganishwa na mabehewa ya mizigo. Mabehewa ya abiria yaliteremka yenyewe na kugongana na yale ya mizigo. Takriban watu 190 walifariki. Mwaka huo ulikuwa mbaya kwa reli za Afrika, kwani mwezi Februari treni ya abiria ilikuwa imeungua moto huko Al Ayyat nchini Misri na kuua zaidi ya watu 360.

Mfano wa ajali iliyosababishwa na ishara kupitwa ni ya Harrow na Wealdstone karibu na London, tarehe 8 Oktoba 1952. Treni ya usiku iliyotoka Perth ilipita ishara ya tahadhari na kisha ishara za kusimama, ikagonga treni ya abiria iliyokuwa stesheni. Treni ya tatu iliyotoka upande wa pili ikaingia katika mabaki. Watu 112 walifariki. Baada ya hapo reli za Uingereza ziliharakisha kuweka mtambo unaompigia dereva kengele au honi anapokaribia ishara, na kufunga breki asipoitikia.

Ukilinganisha, Harrow ilihitaji chombo cha kumwamsha dereva. Armagh, Tenga na Igandu zilihitaji treni iweze kujishikilia yenyewe mlimani.

Njia ya Tanga na Moshi

Reli nyingine ya zamani ya Tanzania, ile ya kutoka Tanga kwenda Moshi na Arusha, ilikuwa pia chini ya TRC na ina upana uleule wa mita moja. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893 na njia ikafika Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwaka 1911. Iliongezwa hadi Arusha mwaka 1929. Mwaka 1963 iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Tangu hapo treni iliweza kutoka Dar es Salaam hadi Moshi bila kubadilisha mabehewa.

Njia hii nayo ni ya mstari mmoja na hupanda kutoka usawa wa bahari. Moshi iko juu ya mita 800, na Arusha iko karibu na mita 1,400. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya mwinuko iko katika kipande cha mwisho kati ya miji hiyo miwili, kinachozunguka miteremko ya kusini ya Kilimanjaro na Meru. Treni inayopanda huko hukabili hali ileile iliyokuwako Igandu: uzito mkubwa, mlima mbele na njia moja nyuma.

Safari za abiria kwenda Moshi zilikoma katika miaka ya 1990. Baada ya njia kukarabatiwa, treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi mwezi Desemba 2019, na Arusha mwezi Oktoba 2020. Upimaji wa breki kabla ya kuondoka, ambao abiria huuona kama kuchelewa tu, ndio unaoamua kama treni itaweza kusimama kwenye miteremko hiyo.

Baada ya ajali

Miaka iliyofuata ilileta mabadiliko katika usimamizi wa reli. Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri wa Nchi Kavu na Majini (SUMATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ilianza kazi mwaka 2004. Nafasi yake upande wa nchi kavu ilichukuliwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) kwa sheria ya mwaka 2019. Jambo la msingi katika mabadiliko hayo ni kwamba anayeendesha treni hakaguliwi na yeye mwenyewe tu.

Mwaka 2007 uendeshaji wa reli ulipewa kampuni ya ubia kati ya serikali na RITES ya Uhindi. Ubia huo haukudumu na serikali ikachukua tena hisa zote. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 iliunganisha uendeshaji na umiliki wa miundombinu chini ya Shirika la Reli Tanzania jipya, lenye kifupi kilekile cha TRC.

Kati ya Dar es Salaam na Dodoma sasa kuna pia reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435 inayotumia umeme. Treni zake za abiria zilianza kufika Morogoro mwezi Juni 2024 na Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo. Katika reli hiyo ruhusa ya kwenda huonekana kwenye kioo mbele ya dereva, na mtambo huweza kufunga breki wenyewe endapo treni itavuka mpaka iliyopewa. Reli ya zamani inaendelea kutumika kwa mizigo na kwa abiria wa stesheni ndogo, zikiwemo zile za Msagali na Igandu.

Makaburi ya Maili Mbili yanabaki kuwa kumbukumbu ya watu 88 ambao familia zao hazikupata mwili wa kuzika nyumbani.